Fimbo Iliyopinda: Jinsi ya Kunyoosha Linkeji ya Mafuta ya Gari la Zamani

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walituachia usemi kwamba samaki mkunje angali mbichi. Hawakutuambia, lakini, chuma kilichopinda na kukaa hivyo kinyooshwe vipi. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza katika ukurasa huu. Nitazungumzia vifimbo vya chuma vinavyounganisha kanyagio la mafuta na kabureta. Mafundi huviita linkeji. Ni vitu vyembamba kama kalamu ya wino, na wengi wetu hatujui hata kama vipo. Walakini kimoja kikipinda, dereva anaweza kuinua mguu na gari likakataa katakata kupunguza mwendo.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Jumamosi na wakati wa likizo huwa katika gereji ya mjomba wangu hapa Voi, mahali penye mabati machache, mwarobaini mmoja na kelele zisizokwisha. Kazi yangu ni kushika taa, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kuuliza maswali. Mjomba husema kwamba maswali yangu humchelewesha kuliko nati zenye kutu. Hata hivyo hunijibu, na majibu yake ndiyo niliyoyakusanya hapa.

GARI LENYEWE

Gari tulilokuwa tukilifufua ni Land Rover Series III, mali ya mwalimu mmoja mstaafu wa milimani, upande wa Wundanyi. Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa mjini Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo chuma kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya Vita Vikuu vya Pili, basi bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana mpaka leo utaona Land Rover kuukuu ambayo mabawa yake hayana kutu, ilhali fremu yake ya chuma imeliwa kama muhindi. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hii ya Mwalimu ina injini ya petroli ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita 2,286 za ujazo.

Mwalimu hakutaka kuliuza. Kwa miaka mingi gari hilo lilibeba kabichi, saruji, maharusi na wagonjwa wa kijiji kizima, na sasa alitaka lirudi katika hali yake ya zamani ili amwachie mjukuu wake. Injini ilikuwa imekwisha kutolewa na kutengenezwa mahali pengine. Huko, wakati wa kuirudisha kwa mnyororo, fimbo ndefu ya linkeji ilibanwa ikapinda. Hakuna aliyejali. Siku chache baadaye, Mwalimu alikuwa akiteremka kuelekea Mwatate, kwenye zile kona ambazo kila aliyepanda matatu ya huko anazijua. Aliinua mguu kabla ya kona, na injini ikaendelea kunguruma kama simba. Alizima ufunguo, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, akalisimamisha gari kwenye ukingo wa mlima. Nyuma alikuwa amebeba watu watano.

KAZI YA VIFIMBO HIVI

Ukikanyaga mafuta, hukanyagi mafuta kwa kweli. Unafungua mlango wa hewa! Ndani ya kabureta mna kibati cha mviringo kinachofanana na sarafu, na mafundi hukiita kipepeo. Kikilala, kinaziba njia ya hewa. Kikisimama wima, hewa inapita bila kizuizi.

Sasa kumbuka somo la Fizikia la Kidato cha Pili, ile kanuni ya Bernoulli. Hewa ikipita mahali pembamba huongeza kasi, na kasi ikiongezeka shinikizo hupungua. Katika koo la kabureta shinikizo hushuka, na petroli hunyonywa kupitia kitundu chembamba ikachanganyika na hewa. Kwa kila gramu moja ya petroli huhitajika gramu kama 15 za hewa. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidi, na nguvu huongezeka.

Hewa hiyo si kidogo. Katika injini ya mipigo minne kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo injini hii ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni zake hufagia nafasi ya lita 2,286 kwa dakika, yaani mapipa kumi na moja hivi ya lita 200. Mlinzi wa lango hilo ni kipepeo, na bwana wa kipepeo ni kile kifimbo chembamba.

Katika magari mengi ya siku hizi kazi hii hufanywa na waya mmoja laini, au na umeme mtupu. Katika Land Rover hizi za zamani hufanywa na vifimbo vigumu. Kanyagio husukuma wenzo, wenzo huzungusha shafti iliyofungwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, na shafti hiyo hupeleka mwendo hadi kwenye kabureta kwa fimbo nyingine. Kila panapokutana fimbo na wenzo pana kichwa cha gololi na kikombe chake, mfano wa nyonga ya binadamu. Kisha kuna springi za kurudisha kila kitu mahali pake mguu unapoinuka.

HESABU YA FIMBO ILIYOPINDA

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini Mwalimu wetu wa Hisabati hachoki kutuimbia Pythagoras. Fimbo ikipinda, ncha zake husogeleana. Tuseme ina urefu wa milimita 300 na imepinda katikati hadi ikatoka nje ya mstari kwa milimita 30. Umepata pembetatu mbili za mraba. Kila moja ina upande mrefu wa milimita 150 na upande mfupi wa milimita 30. Upande uliobaki ni kipeuo cha pili cha 22,500 kutoa 900, yaani karibu milimita 147. Zidisha kwa mbili, upate 294. Fimbo imepoteza milimita 6.

"Milimita sita tu?" utasema. Naam, sita tu. Lakini ikiwa wenzo wa kabureta una urefu wa milimita 30, milimita 6 hizo humzungusha kipepeo kwa nyuzi 11 na nusu hivi. Huo ni mlango ulioachwa wazi usiku.

Madhara yake hutegemea kazi ya fimbo. Kama fimbo hufungua kabureta kwa kuvuta, ikifupika itakiacha kipepeo wazi hata kanyagio likiwa limegota kikomo chake cha juu, na injini itanguruma hovyo gari likiwa limesimama. Kama hufungua kwa kusukuma, kanyagio litafika sakafuni kabla kipepeo hakijasimama wima, na gari litakosa nguvu mlimani. Ugonjwa wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Tumbo la fimbo linaweza kugusa bomba au ukingo wa chuma na kunasa hapo. Huu ndio uliokuwa ugonjwa wa Land Rover ya Mwalimu. Ukikanyaga kidogo, hakuna neno. Ukikanyaga sana, fimbo inapita ule ukingo, na ikirudi inashikwa.

SPRINGI KALI SI DAWA

Kabla ya kuja kwetu, Mwalimu alikuwa ameshauriwa na fundi mmoja afunge springi kali zaidi, yaishe. Mjomba aliposikia alitikisa kichwa. Springi kali humlazimisha fimbo apite penye kizuizi, lakini kizuizi kipo palepale. Aidha, vikombe na gololi huliwa upesi, kanyagio huwa zito, na mguu wa dereva huchoka akaanza kukanyaga kwa mishtuko. Siku moja kutu au matope yatazidi, na hata hiyo springi kali itashindwa.

Vilevile tuligundua jambo jingine. Mtu fulani, alipoona fimbo imefupika, alikuwa amekifungua kikombe cha mwisho ili kuirefusha. Kikombe kilikuwa kimeshikwa na meno matatu tu ya skrubu! Mjomba alinionyesha bila kusema neno, kisha akakizungusha kwa vidole viwili kikatoka.

"Fundi," Mwalimu alisema, "Jumamosi nina harusi ya mjukuu wangu. Nipe gari yangu hivyo hivyo, nitakuja tena wiki ijayo."

"Mwalimu, nisamehe," mjomba alijibu. "Harusi ni ya Jumamosi, lakini mjukuu ni wa maisha. Gari hii haitoki hapa."

Mwalimu hakufurahi hata kidogo. Alichukua kofia yake akaenda stendi kupanda matatu. Mjomba naye alikuwa anazihitaji zile pesa, maana kodi ya gereji ilikuwa imekaribia. Nilimwona akisimama pale mlangoni kwa muda, kisha akaniambia nilete taa.

HATUA ZA KUNYOOSHA

Kwanza, injini ipoe na waya wa hasi wa betri utolewe. Petroli na cheche si marafiki. Halafu chora. Kabla ya kufungua hata springi moja, nilichora katika daftari jinsi kila fimbo ilivyokaa, upande upi juu, upande upi chini. Siku hizi watu hupiga picha kwa simu, na ni vizuri, lakini mchoro hukulazimisha kutazama.

Pili, toa springi, kisha banua vikombe kutoka kwenye gololi zake kwa bisibisi bapa. Bisibisi iingie karibu na kikombe. Ukiibanua fimbo yenyewe katikati, unaipinda upya.

Tatu, osha na uchunguze. Viringisha fimbo juu ya kipande cha kioo bapa. Fimbo iliyonyooka hubingirika kimya, iliyopinda huruka na kugonga. Weka taa nyuma yake, utaona mwanga pale inapoachana na kioo. Tia alama kwa chaki.

Lakini subiri kidogo. Si kila kilichopinda kimeharibika! Katika magari mengi kuna fimbo zilizopindwa kiwandani makusudi ili zikwepe mabomba. Ukizinyoosha hizo, umeleta msiba. Mkunjo wa kiwandani huwa laini na wa duara nzuri, na rangi au utandu wake wa nje huwa mzima. Mkunjo wa ajali huwa na kona, mkwaruzo, na mara nyingi fimbo huelekea pande mbili kwa pamoja. Mjomba hakutegemea macho peke yake. Alikwenda kwa jamaa mwenye Land Rover ya aina ile ile akapima fimbo yake kwa rula. Ile ndefu ilikuwa inyooke kabisa.

Nne, tafuta nyufa. Chuma kikipindwa hukakamaa pale pale kilipopindwa. Chukua waya wa kutundikia nguo, upinde huku na huko mara kadhaa, utakatika. Kwa hiyo fimbo hunyooshwa mara moja, polepole, bila kuichezea. Ikiwa na ufa au kona kali kama kiwiko, itupe na ukate nyingine katika chuma cha unene ule ule, uichonge meno ya skrubu. Yetu ilikuwa na mkunjo mpana bila ufa, basi ikapona.

Tano, kazi yenyewe. Bana fimbo kwenye jiliwa, au vaisi kama tusemavyo gereji, ukiweka vipande viwili vya mbao ili meno ya jiliwa yasiijeruhi. Usibane penye meno ya skrubu. Vika bomba jembamba upande wa pili liwe wenzo, kisha sukuma taratibu kinyume cha mkunjo. Utashangaa kuona fimbo imenyooka, ukiiachia inarudi kidogo. Huo ni mnyumbuko, ile habari ya Hooke. Lazima uipitishe kidogo kuliko mstari ulionyooka ili ikirudi itulie sawa. Songa sentimita moja mbele kwenye jiliwa, rudia. Kila mara rudi kwenye kioo. Mabaki madogo hupigwa kwa nyundo ya mti juu ya gogo bapa.

Niliuliza kwa nini tusipashe moto ili iwe laini. Mjomba alisema fimbo nyembamba namna ile haihitaji moto. Moto huharibu utandu unaozuia kutu na huulegeza uwaya wa springi ndani ya kikombe. Tena ni nani mwenye akili atakayewasha moto karibu na kabureta?

Sita, usisahau majirani. Pigo lililopinda fimbo huenda limepinda pia nyenzo na vishikizo vya shafti. Tuliizungusha shafti kwa mkono, tukaona inasita mahali pamoja, maana kishikizo kimoja kilikuwa kimeegemea upande. Tuliona pia vikombe viwili vimelegea. Ukiwa na viungo vinne, na kila kimoja kinacheza milimita moja, umepoteza milimita nne kabla gari halijaondoka. Tulibadilisha vile viwili.

KURUDISHA NA KUPIMA

Fimbo hurudishwa kwa kuanzia kabureta kuelekea kanyagio. Kipepeo kilale kwenye kikomo chake, kanyagio liwe juu, kisha zungusha kikombe kwenye skrubu mpaka kikae juu ya gololi chenyewe, bila kuvutwa wala kusukumwa. Hapo ndipo unapokibana, halafu ukaze nati ya kufungia. Meno ya skrubu yaingie ya kutosha. Kwetu fimbo ilipopata urefu wake wa haki, kikombe kiliingia hadi ndani bila ubishi.

Baadaye mjomba alinituma ndani. Injini ikiwa imezimwa, nilikanyaga mafuta hadi mwisho, naye akachungulia katika koo la kabureta. Kipepeo kilisimama wima. Kisha akarekebisha kikomo cha kanyagio sakafuni, ili uzito wa mguu ubebwe na sakafu, usibebwe na ule mhimili mwembamba wa kabureta.

Tulipima kurudi. Niliachia kanyagio ghafla mara ishirini, na kila mara nilitakiwa kusikia "tak!" ya kipepeo kikifunga. Tulitoa springi moja, tukapima. Tukairudisha, tukatoa ya pili, tukapima tena, kwa sababu moja ikikatika safarini nyingine lazima iweze kazi peke yake. Halafu tuliwasha injini, tukaiacha ipate moto, tukarudia yote. Injini hukaa juu ya raba na hutikisika ikiongezwa mafuta, nayo fimbo inaunganisha injini inayotikisika na bodi iliyotulia. Nafasi inayoonekana ya kutosha gari likiwa limelala huenda isitoshe likiamka.

Mwisho kabisa ndipo tuligusa skrubu ya mngurumo wa chini. Fundi anayeanza na skrubu hii anaficha ugonjwa badala ya kuutibu.

IKIKWAMA BARABARANI

Huenda hutawahi kushika spana, lakini utapanda gari au utaendesha siku moja. Mafuta yakinasa, kanyaga klachi au utoe gia. Injini itapiga kelele za kutisha, iache ipige. Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu, bila kuachia. Usipigepige, kwa sababu busta ya breki husaidiwa na ombwe la injini, na kipepeo kikiwa wazi ombwe hilo karibu linatoweka. Yale yaliyosalia katika busta yatamalizika ukipigapiga. Kisha zima ufunguo hatua moja tu, na usiuchomoe, maana usukani unaweza kujifunga. Wala usiiname kuvuta kanyagio kwa mkono gari likiwa mbioni. Ukishasimama, weka mawe kwenye magurudumu.

Mwalimu alikuja Jumanne kuchukua Land Rover yake. Nilimwamkia, akaitikia kwa mkato. Aliingia, akakanyaga mafuta na kuachia mara tatu kabla hata ya kuwasha, sikio lake likiwa limeelekea kwenye boneti. Kisha alilipa pesa zote bila kuomba apunguziwe, akataka aonyeshwe kile kikombe kilichokuwa kimeshikwa na meno matatu. Alikitia mfukoni akaondoka nacho.

Wanafunzi wenzangu, tunapohesabu pembetatu na kuchora nyenzo darasani, wengine hunong'ona, "Haya yatatusaidia wapi?" Yanasaidia kwenye mteremko wa Wundanyi. Na ukimwona fundi anakataa kukupa gari kabla hajamaliza kulipima, usimkasirikie. Mshukuru, upande matatu.